Tela la kulala nyuma ya gari dogo: gari linashusha mkia, tela linayumba, injini inachemsha. Tuanzie wapi?

Wadau, hii naandika kwa ndugu zetu wa huku Marekani, maana naona kila kiangazi watu wanaongezeka wanaonunua yale matela ya kulala, yenye vitanda na jiko ndani, wanayafunga nyuma ya Highlander au RAV4 au Sienna, familia nzima ndani, safari. Ni kitu kizuri sana na watoto hawasahau. Ila mi naendesha lori la mizigo mwaka wa tisa sasa, na ninavyoviona barabarani vinanitisha, alafu na mimi mwenyewe pamoja na kuendesha lori nilifanya makosa karibu yote nitakayoyataja hapa. Kwaiyo soma taratibu, tafuta dalili inayofanana na ya kwako.

Kwanza hili moja, maana ukilielewa nusu ya matatizo umeyamaliza: KUVUTA na KUBEBA ni vitu viwili tofauti. Muuzaji atakwambia gari lako linavuta pauni 5,000, na hasemi uongo, hata kitabu cha Highlander yangu ya V6 kimeandika ivoivo. Lakini tela halivutwi tu, mkono wake wa mbele unalala juu ya gari lako, gari linaubeba, na uwezo wa kubeba ndio unaoisha kwanza kwenye haya magari madogo. Fungua mlango wa dereva, angalia kwenye nguzo kuna stika ya matairi, inasema uzito wa watu na mizigo usizidi kiasi fulani. Ya kwangu inasema pauni 1,386, kama kilo 629 hivi. Hiyo namba ndio bosi. Watu wote, begi zote, boksi la barafu la vinywaji, mkaa, vyuma vya kuvutia, na uzito wa mkono wa tela, vyote vinatoka humo humo.

DALILI YA KWANZA: mkia umeshuka, pua imeinuka, usukani mwepesi

Usiku watu wanaokuja mbele yako wanakuwashia full kila dakika, wanadhani umewasha full wewe. Mchana unahisi usukani umekuwa mwepesi kama gari linaelea, na mvua ikinyesha ndio mbaya zaidi.

Sababu yake ni kama ubao wa watoto wa kupanda na kushuka. Ile boli ya chuma ambayo tela linakalia ipo nyuma ya ekseli ya nyuma, kwaiyo uzito ukikaa pale ekseli ya nyuma inakuwa ndio katikati ya ubao, mkia unashuka na matairi ya mbele yanapunguziwa uzito. Na matairi ya mbele ndio yanayokata kona na ndio yenye kazi kubwa ya breki. Kwaiyo sio swala la muonekano hata kidogo.

Ya kwangu ilikuwa hivi. Safari ya kwanza tunatoka Columbus kwenda Great Smoky Mountains, tela likiwa limejazwa lilikuwa na pauni 4,350, mi nasema bado nina 650 za akiba mpaka 5,000, niko salama kabisa. Mkia ukashuka mpaka mke wangu akauliza kabla hatujatoka kwenye maegesho. Nikalipeleka mizani kwa aibu, maana kazini siwezi kuondoka bila kupima na hapa nilitaka kuondoka na watoto wangu bila kupima. Mkono wa tela ulikuwa na pauni 610. Sisi watano tuna pauni 555, mizigo ndani ya gari 260, kile chuma cha boli 20. Jumla 1,445. Nimezidisha 59 kwenye stika ya mlango, wakati kwenye uwezo wa kuvuta bado nina nafasi kibao. Alafu kingine, ile sehemu ya kuchomeka chuma chini ya bampa ina kikomo chake, kimeandikwa palepale, kwangu ni pauni 500 za mkono. Kwaiyo 610 ilikuwa imevunja vikomo viwili kwa pamoja.

Jinsi ya kupima ni rahisi na usione uvivu. Nenda sheli kubwa za malori zenye CAT Scale, mizani yake ina vipande vitatu, ekseli ya mbele ikae kipande cha kwanza, ya nyuma cha pili, tela cha tatu, familia yote ndani ya gari na tangi la mafuta limejaa. Chukua karatasi. Alafu acha tela kwenye maegesho, rudi pima gari peke yake na watu walewale, kupima mara ya pili siku hiyohiyo bei inashuka. Sasa toa hesabu: jumla ya mara ya kwanza ukitoa gari peke yake unapata uzito halisi wa tela, na ekseli mbili za gari likiwa na tela ukitoa ekseli hizohizo bila tela unapata uzito wa mkono (kama una vile vyuma vya kugawa uzito vilegeze kwanza, la sivyo hesabu inakudanganya).

Nyumbani unaweza pia kutumia mizani ya bafuni. Chukua ubao mgumu, upande mmoja weka juu ya bomba lililolala kwenye tofali, upande wa pili bomba lingine juu ya mizani, mkono wa tela ukae futi 1 kutoka bomba la tofali na futi 2 kutoka bomba la mizani. Namba utakayosoma, ukishatoa ya ubao mtupu, zidisha mara 3. Mizani ikisoma 150 mkono una 450. Weka vigingi kwenye magurudumu ya tela kabla hujagusa kitu.

Dawa sasa. Ya kwanza ni kupunguza uzito, hamna njia ya mkato. Maji ya tangi, galoni moja ni zaidi ya pauni 8, kwaiyo tangi la galoni 30 ni kama pauni 250, kilo 113 unazozungusha bure wakati kambini kuna bomba. Ya pili ni vile vyuma vya kugawa uzito, vile viwili virefu vinavyokaza kama springi kati ya gari na tela, vinarudisha uzito kwenye matairi ya mbele. Pima urefu kutoka chini mpaka ukingo wa bodi juu ya tairi la mbele kabla ya kufunga tela, pima ukishafunga, alafu kaza mpaka ile iliyopanda irudi kwa kiasi ambacho kitabu cha gari kinasema. Kuna magari mengine madogo kitabu kinakataza kabisa vyuma hivi, kwaiyo kitabu kwanza, duka baadae. Na vyuma hivi havipunguzi uzito wa tela wala haviongezi namba ya stika ya mlangoni. Vile vibofu vya hewa vya kuweka ndani ya springi za nyuma navyo watu wanapenda sana kuviuza, vitanyanyua mkia utaona gari limenyooka, lakini matairi ya mbele bado hayajarudishiwa uzito wake. Gari limenyooka kwa macho tu.

DALILI YA PILI, na hii ndio inaua: tela linayumba

Baada ya ile safari rafiki yangu mmoja akaniambia mkono mzito? Hamishia mizigo nyuma. Ina mantiki si ndio? Nikahamisha kila kitu, mkaa, maboksi ya vyombo, baiskeli tatu za watoto nikazitundika kwenye bampa la nyuma la tela. Mkia wa gari ukapanda, gari limekaa vizuri, nikafurahi, na sikurudi mizani.

I-75 kusini, unapovuka Kentucky kuingia Tennessee pale mlima wa Jellico, kwenye kushuka. Nipo kama maili 68 kwa saa, lori likanipita kushoto. Upepo wake wa mbele ukasukuma tela kulia, likarudi, likapitiliza. Nikaliona kwenye kioo cha kushoto, alafu kwenye cha kulia, alafu cha kushoto tena, na kila likirudi linakuja zaidi ya mwanzo. Mkia wa gari unavutwa nalo. Watoto walinyamaza wote watatu kwa pamoja, hicho ndicho ninachokikumbuka, ule ukimya.

Ukifika hapo mikono itataka kufanya vitu viwili na vyote ni makosa. Kukanyaga breki kwa nguvu, ambapo gari linapungua na tela linalisukuma kutoka nyuma na kulikunja. Na kupiga usukani kulifuata tela, ambapo wewe unachelewa kila mara na unaliongezea nguvu. Fanya hivi: shika usukani ukiwa umenyooka, toa mguu kwenye mafuta, na kidole kiende kwenye ile kontrola ya breki za tela (inayofungwa karibu na mkono wa dereva), sukuma kile kiswichi chake ili tela peke yake lifunge breki, litajinyoosha nyuma ya gari kama kamba iliyovutwa. Usiongeze mafuta kujaribu kulivuta linyooke, kwenye mteremko ndio umejimaliza. Mi lilitulia karibu na maili 45. Nikasimama sehemu ya kupumzikia, miguu haina nguvu.

Mkono wa tela niliukuta na pauni 290, tela lenyewe 4,300. Haifiki asilimia 7. Hapa Marekani kwa matela haya ya kulala unatakiwa uwe kati ya asilimia 10 na 15, mi nalenga 12 au 13. Fikiria mshale, chuma kiko mbele, kwaiyo unaenda ulikoelekezwa. Uugeuze uzito uwe nyuma, utapinduka hewani. Mizigo mizito iwe chini, mbele kidogo ya ekseli ya tela au juu yake, na mwisho kabisa wa tela pasiwe na kitu kizito. Baiskeli zangu zile tatu pamoja na chuma chake hazikufika hata pauni 120, lakini zimekaa mbali sana na ekseli, kwaiyo zilipunguza mkono na zilipoanza kuyumba zikawa na nguvu kama mtu anayebembea.

Sababu zingine za kuyumba ukishahakikisha mkono uko sawa, nazitaja kwa mpangilio ninaouangalia: tela limeinua pua (chuma cha boli kimekaa juu sana, linatakiwa liwe sawa au liiname mbele kidogo), matairi ya nyuma ya gari upepo mdogo, matairi ya tela upepo mdogo, shokabu za gari zimechoka, alafu tela refu kwa gari fupi. Hili la mwisho halina dawa ya kununua. Gari likiwa fupi kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma tela linapata nguvu juu yake. Kuna kipimo cha kukadiria ambacho wavutaji wengi wa huku wanakitumia, inchi 110 kati ya ekseli kwa tela la futi 20, na kila futi moja ya ziada inataka inchi 4 zaidi. RAV4 ya sasa ina kama inchi 106, kwaiyo usiitazame tela la futi 22 hata kama lingekuwa jepesi.

Na spidi. Kila tela lina spidi yake ambayo chini yake likiguswa linatulia lenyewe, juu yake likiguswa linazidi. Ukiwa 60 unayo nafasi, ukiwa 70 huna. Vile vizuizi vya kuyumba vya kufunga kwenye mkono vinasaidia nakubali, ninacho, lakini kikifungwa kwenye tela lililopakiwa vibaya kinakuficha ugonjwa mpaka siku upepo umekuwa mkali kuliko chenyewe.

Kwa walioko Uingereza na Ulaya, asilimia hizi msizichukue kama zilivyo. Huko matela ya kulala yanatengenezwa kwa mkono mwepesi zaidi, kama asilimia 5 mpaka 7, na spidi za kisheria ni ndogo, Uingereza maili 60 kwenye motowei, Ujerumani kawaida kilomita 80. Ndio maana gari lilelile unakuta huko limeandikiwa kuvuta uzito mkubwa kuliko huku, alafu mtu anabishana na jamaa yake kwenye simu kila mmoja ana karatasi yake na wote wako sahihi.

DALILI YA TATU: mlimani gari linalia, gia zinarukaruka, joto linapanda

Hapa watu wanalaumu uzito peke yake. Barabara tambarare ukiwa maili 60 adui mkubwa ni upepo. Tela la kulala ni kama ukuta, limepanda futi tatu au nne juu ya paa la gari lako, na huo ukuta unausukuma kwenye hewa siku nzima. Tela la mizigo la chini lenye uzito uleule halikusumbui hivyo. Vitabu vingine vya magari vinaandika mpaka ukubwa wa uso wa tela usiozidi, soma, mara nyingi ipo kurasa za nyuma watu hawafiki. Ndio maana vile vitela vya faiba vya mviringo kama Scamp ya futi 13 au Casita ya futi 17 vinapendwa na wenye magari madogo, vina uso mdogo na kona zake zimelainishwa.

Gia zikianza kupanda na kushuka kila nusu dakika, kila badiliko ni joto kwenye mafuta ya giaboksi. Zima kruzi kontroli, weka gia chini wewe mwenyewe, acha injini izunguke juu, haiumii, imeandaliwa kwa hiyo kazi. Joto la maji likianza kupanda zima eisii, punguza spidi, ikizidi pisha pembeni injini ikiwa inawaka bila mzigo. Ukienda milima ya Colorado jua pia injini isiyo na tabo inapoteza karibu asilimia 3 ya nguvu kila futi 1,000 unazopanda, na handaki la Eisenhower kwenye I-70 liko zaidi ya futi 11,000, piga hesabu mwenyewe kimebaki nini.

Kuna hili la kununua chuma cha kuvutia mtandaoni na kufunga kwenye gari ambalo halikuja nacho. Chuma kimeandikwa pauni 3,500, mtu anaamini sasa gari lake linavuta 3,500. Hapana jamani. RAV4 ya petroli ya kizazi kilichoanza 2019 nyingi ni pauni 1,500, ile ya Adventure ni 3,500, na tofauti kubwa ipo kwenye upoozaji. Namba ndogo kati ya zote ndio inayotawala: gari, chuma, boli, tairi.

DALILI YA NNE: kusimama kunachukua umbali, au kuna harufu ya breki

Angalia plagi. Ikiwa bapa ya pini 4, hiyo ni ya taa tu, breki za umeme za tela hazipati kitu, unalisimamisha tela zima kwa breki za gari dogo. Mi niliikuta hiyohiyo pini 4 na nikaambiwa "inatosha". Haitoshi. Majimbo mengi yanadai breki za tela kuanzia pauni 3,000, mengine chini ya hapo, na kwa gari dogo mi nasema hata 2,000 weka. Unahitaji plagi ya pini 7 na kontrola ya breki karibu na mkono wa dereva. Kuiseti: uwanja mtupu, maili 25 kwa saa, sukuma kiswichi cha tela peke yake, ongeza nguvu kidogokidogo mpaka karibu magurudumu yafunge, alafu rudisha kidogo. Ukihisi tela linakusukuma ongeza, ukihisi linakushtua kwa nyuma punguza.

Mteremko mrefu shuka na gia ndogo tangu juu, sio ukishaanza kunusa. Na ule waya mwembamba wa dharura unaofunga breki tela likichomoka, ufunge kwenye chuma cha gari wenyewe, usiutundike kwenye minyororo.

DALILI YA TANO: tairi za tela zinapasuka

Tairi zenye herufi ST nyingi zimetengenezwa kwa mwisho maili 65 kwa saa kama hazijaandikwa vinginevyo. Upepo jaza zikiwa baridi mpaka kiwango cha kwenye stika ya tela. Umri wake soma tarakimu nne za mwisho kwenye msimbo wa DOT, 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Hizi tairi zinakufa kwa umri zikiwa na kashata kama mpya, mi nikifika miaka mitano nabadilisha bila kujadiliana.

KAMA BADO HUJANUNUA

Anza na stika ya mlango, rudi nyuma. Kwangu: 1,386, toa watu 555, toa mizigo tuliyoipunguza mpaka 150, toa vyuma vya kugawa uzito 75. Inabaki 606, lakini kikomo cha mkono ni 500, kwaiyo 500 ndio namba yangu. Gawa kwa 0.125 unapata pauni 4,000. Hilo ndilo tela langu LIKIWA LIMEJAZWA. Sio lile tupu la kwenye tangazo, maana uzito wa tangazo hauna maji, mara nyingi hauna betri wala gesi, hauna masufuria wala mablanketi, na familia ya watu watano inaongeza pauni 600 au 700 bila kujiona. Sasa hivi tunasafiri na 3,880, mkono 485, na ndani ya gari nimebakiza pauni 121 ambazo sizigusi. Mzigo mzito mpe Mnyamwezi, wazee walisema, na Highlander sio Mnyamwezi.

Na kila safari maili 20 za kwanza nasimama. Nashika kila kitovu cha gurudumu la tela kwa mkono, mgongo wa kiganja kwanza nisiungue. Yote yakiwa vuguvugu sawasawa naendelea. Moja likiwa la moto kuliko wenzake breki imeshika au beringi inakufa, na hapo hatuondoki mpaka nijue ni ipi.